Kutembea Baada ya Kujifungua: Mama Aanze Lini, Aende Umbali Gani

Mkaazi mpendwa wa Kaunti ya Kwale, somo la afya la toleo hili linamhusu mama aliyejifungua pamoja na kila mtu anayeishi naye nyumba moja. Lisome wewe mama, kisha umpe mume, mama mkwe, wifi na jirani, kwa sababu mengi yaliyomo hayawezi kufanywa na mama peke yake.

Kuna nyumba ambazo mama aliyejifungua huambiwa alale chumbani siku 40, asitoke hata uani. Kuna nyumba nyingine, hasa sehemu za bara ambako maji yako mbali, ambazo mama wa wiki mbili tayari ana mtungi wa lita 20 kichwani. Akilalamika huambiwa, "Hayo ndiyo mazoezi, mwili utakaza." Nyumba zote mbili zinampenda mama huyo, na zote mbili zinamweka hatarini. Wa kwanza anaweza kugandiwa na damu miguuni kwa sababu ya kulala mno. Wa pili anaweza kutokwa na damu upya, au kuharibika misuli ya nyonga hadi kizazi kishuke.

Neno kuu la somo hili ni fupi: kutembea ni dawa, lakini kubeba mzigo si kutembea. Mama atembee, mtungi ubebwe na mtu mwingine.

Ukimaliza kusoma utaweza:

1. Kueleza kwa nini mama anahitaji kuanza kutembea mapema.
2. Kupanga matembezi ya wiki sita za kwanza, kwa aliyejifungua kawaida na kwa aliyefanyiwa upasuaji.
3. Kutambua dalili za kwamba mama amezidisha.
4. Kutambua dalili za hatari zinazomtaka mama apelekwe hospitalini bila kusubiri.

SEHEMU YA 1: MWILI UNAFANYA NINI KATIKA WIKI SITA

Mara tu baada ya mtoto kuzaliwa, kizazi huwa na uzito wa takriban kilo 1, na ncha yake ya juu huguswa karibu na kitovu. Kila siku hushuka kiasi cha upana wa kidole kimoja. Kufikia mwisho wa wiki ya pili, huwezi tena kukigusa kwa kubonyeza tumbo. Kufikia wiki ya sita kimerudi karibu na ukubwa wake wa kawaida, na uzito wake haufiki gramu 100.

Mahali kondo la nyuma lilipokuwa limeshika panabaki jeraha. Ndiyo sababu mama hutoka damu ya uzazi. Siku tatu nne za kwanza damu huwa nyekundu, kisha hugeuka rangi ya waridi au kahawia, halafu majimaji meupe yenye umanjano, na kwa kawaida hukoma kati ya wiki ya 4 na ya 6. Ushike vizuri mpangilio huo wa rangi. Ni kipimo ambacho kila mama anacho nyumbani bila kununua chochote, na tutakitumia baadaye katika somo hili.

Misuli ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu, kizazi na utumbo, hufanya kazi kama kamba za kitanda zinazobeba godoro. Ujauzito na kujifungua huzivuta kamba hizo zikalegea. Zikipewa muda na mazoezi mepesi, hukaza tena. Zikiwekewa mzigo kabla ya wakati, huendelea kulegea. Misuli ya tumbo nayo huwa imeachana katikati, na viungo vya nyonga na mgongo vinabaki vimelegea kwa miezi kadhaa.

Jambo la mwisho ni damu yenyewe. Wakati wa ujauzito mwili huifanya damu iwe nyepesi kuganda, ili mama asipoteze damu nyingi siku ya kujifungua. Hali hiyo haiondoki siku hiyo hiyo. Wiki sita za kwanza ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya donge la damu kuganda katika mshipa wa mguu. Donge hilo likikatika na kusafiri hadi kwenye mapafu, linaweza kuua.

SEHEMU YA 2: KUTEMBEA KUNASAIDIA VIPI

Unapotembea, misuli ya ndama ya mguu hubana mishipa na kuisukuma damu irudi juu kuelekea moyoni. Damu inayotembea haigandi kwa urahisi. Hii ndiyo sababu wauguzi humsimamisha mama mapema, hata yule aliyefanyiwa upasuaji na ambaye angependa kuachwa alale.

Kutembea pia huamsha utumbo, hivyo gesi hutoka na choo hulainika. Mama aliyeshonwa anajua faida ya hilo. Kunapunguza maumivu ya mgongo yanayotokana na kukaa muda mrefu ukinyonyesha. Kunasaidia usingizi, na kunapunguza huzuni na wasiwasi ambao huwapata akina mama wengi baada ya kujifungua. Kwa mama aliyekuwa na shinikizo la damu au sukari wakati wa ujauzito, kutembea mara kwa mara katika miezi inayofuata ni sehemu ya kujikinga.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama ambaye hana tatizo la kiafya linalomzuia aanze pole pole, kisha afikie angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki. Ukigawanya hesabu hiyo, ni dakika 30 kwa siku 5. Hapo ndipo tunapoelekea, wala si mahali pa kuanzia.

Hofu moja tuiondoe mapema. Kutembea kwa kadiri hakukaushi maziwa wala hakuyaharibu. Mama anahitaji tu kula vya kutosha na kunywa maji ya kutosha.

SEHEMU YA 3: NANI AULIZE KWANZA

Mama aliyejifungua kawaida bila matatizo anaweza kuanza hatua fupi siku hiyo hiyo, mara tu anapoweza kusimama bila kizunguzungu. Hawa wafuatao wazungumze na muuguzi au daktari kabla ya kuanza matembezi ya nje ya nyumba:

- Aliyefanyiwa upasuaji.
- Aliyechanika sana na kushonwa.
- Aliyepoteza damu nyingi au aliyeambiwa ana upungufu wa damu.
- Aliyekuwa na shinikizo la damu au kifafa cha mimba.
- Mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kugandiwa na damu.

Kuuliza si kukatazwa. Wengi wao wataruhusiwa kutembea, lakini kwa mwendo wao.

Na tusimsahau mama aliyempoteza mtoto. Mara nyingi huyu hurudi nyumbani bila mtu wa kumuuliza hali ya mwili wake, kana kwamba hakujifungua. Kizazi chake, damu yake na misuli yake vinapitia yaleyale. Anahitaji kliniki, anahitaji kupunguziwa kazi, na anahitaji mtu wa kutembea naye jioni.

SEHEMU YA 4: RATIBA YA WIKI KWA WIKI

Ratiba hii ni ya mama aliyejifungua kawaida. Dakika zilizoandikwa ni za kupungukia. Siku ambayo mtoto hakulala usiku kucha na wewe hukulala, chukua nusu yake.

Saa 24 za kwanza. Mama abaki kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua. Kitandani, akunje na kukunjua vifundo vya miguu mara 10 kila saa anapokuwa macho. Kabla ya kusimama mara ya kwanza, akae ukingoni mwa kitanda kwa dakika chache, na mtu awe karibu naye. Kizunguzungu cha mara ya kwanza kimewaangusha wengi njiani kwenda chooni.

Siku ya 2 hadi ya 7. Tembea ndani ya nyumba na uani, dakika 5, mara 2 au 3 kwa siku. Mwendo uwe wa pole, wa kutazama kuku.

Wiki ya 2. Dakika 5 hadi 10, mara 2 kwa siku, mahali tambarare karibu na nyumba.

Wiki ya 3 na ya 4. Dakika 10 hadi 15, mara 1 au 2 kwa siku. Unaweza kufika kwa jirani na kurudi. Ukifika, kaa upumzike kabla ya kurudi.

Wiki ya 5 na ya 6. Dakika 15 hadi 20 kwa siku, siku 5 kwa wiki.

Baada ya kupimwa wiki ya 6. Ukiambiwa uko sawa, ongeza dakika chache kila wiki hadi ufikie dakika 30, siku 5 kwa wiki. Sasa mwendo unaweza kuwa wa haraka kidogo.

Utajuaje mwendo unafaa? Tumia mdomo wako. Katika wiki sita za kwanza, uweze kutembea huku ukizungumza na hata kuimba bila kuhema. Baada ya hapo, mwendo wa mazoezi ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukishindwa hata kuzungumza, umekimbilia mbele ya mwili wako. Punguza.

Kwa mama aliyefanyiwa upasuaji. Muuguzi atakusaidia kusimama ndani ya siku ya kwanza au mara tu hali yako inaporuhusu. Usiinuke kwa kukaza tumbo. Geukia ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Ukitaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, kandamiza mshono kwa mto mdogo au leso iliyokunjwa. Fuata ratiba iliyo juu ukiwa nyuma kwa takriban wiki mbili: dakika 5 za uani ziendelee hadi mwisho wa wiki ya 3, ndipo uongeze. Tembea umenyooka. Akina mama wengi huinama kuulinda mshono, na baada ya siku chache mgongo ndio unaowauma.

SEHEMU YA 5: MAZOEZI MAWILI KABLA YA KUTOKA

Haya yanafanywa umelala au umekaa, na hakuna atakayejua unafanya nini.

Zoezi la kwanza ni pumzi. Weka mkono tumboni. Vuta hewa kwa pua hadi mkono uinuke, kisha itoe pole pole kwa mdomo huku ukivuta kitovu ndani taratibu. Rudia mara 5. Hili linaanza kuikusanya misuli ya tumbo iliyoachana.

Zoezi la pili ni la nyonga. Kaza misuli kama mtu anayezuia mkojo na gesi kwa pamoja. Hesabu hadi 5, legeza, pumzika ukihesabu hadi 5. Rudia mara 10, mara 3 kwa siku. Ukishindwa kufikisha 5, anza na 2. Usikaze makalio wala mapaja, na usizuie pumzi. Usilifanye zoezi hili ukiwa unakojoa. Mwenye mpira wa mkojo asubiri utolewe.

Mama anayevujwa na mkojo kidogo anapocheka au kupiga chafya asione haya. Mara nyingi zoezi hili humsaidia ndani ya miezi 3. Lakini mkojo ukitoka mfululizo usiku na mchana bila kuzuilika, hiyo inaweza kuwa nasuri ya uzazi, inayoitwa pia fistula. Haiponi kwa zoezi wala haitokani na kulogwa. Inatibika hospitalini, na kadiri mama anavyofika mapema ndivyo anavyosaidika.

SEHEMU YA 6: HESABU YA MTUNGI

Sasa tuje kwenye jambo linalowaumiza wengi. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Mtungi wa lita 20 basi ni kilo 20. Mtoto mchanga wa kawaida ana kilo 3 hivi. Mama anayebeba mtungi mmoja amebeba uzito wa watoto sita na zaidi kwa mpigo. Akienda kisimani au kwenye bwawa mara 3 kwa siku, amebeba kilo 60.

Mzigo wa kichwani hausukumi shingo peke yake. Ili kuuinua kutoka chini, mama huchuchumaa, huzuia pumzi na kukaza tumbo, na nguvu hiyo yote hushuka kwenye misuli ya nyonga ambayo bado imelegea. Ndiyo maana kanuni ya wiki sita za kwanza ni hii: usiinue kitu kizito kuliko mtoto wako. Kwa aliyefanyiwa upasuaji, kanuni hii haina mjadala, kwa sababu mshono unaoonekana umefunga kwa nje bado unaunga ndani.

Baada ya wiki sita, na kama hakuna damu, maumivu wala hisia ya uzito huko chini, mama aanze na dumu la lita 5, kisha baada ya wiki chache lita 10. Kuni, gunia la mahindi, ndoo ya nguo mbichi na kusukuma mkokoteni vyote vihesabiwe hivyo hivyo.

Nani atabeba kwa wakati huo? Hili ni swali la kikao cha nyumbani, na lijibiwe kabla mtoto hajazaliwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 na baba aliyeajiriwa wiki 2, zote kwa malipo. Baba anayepata wiki hizo 2 azitumie hapo, maana ndizo wiki ambazo mwili wa mke wake hauna nguvu kabisa. Mvuvi, mkulima na mwendesha bodaboda hawana barua ya likizo, lakini wanaweza kuchota maji alfajiri kabla ya kwenda kazini. Kikundi cha akina mama nacho kinaweza kupanga zamu: kila mwanachama anayejifungua ataletewa mtungi mmoja mmoja na wenzake kwa siku 40. Hakuna anayelemewa, na kila mmoja atafikiwa na zamu yake.

SEHEMU YA 7: AROBAINI, MKANDA NA KUKANDA

Desturi ya arobaini ina hekima ndani yake. Inamlinda mama na kazi nzito, inampa uji na supu, na inamweka karibu na mtoto wake. Hatukusudii kuivunja. Tunasema tu kwamba kupumzika hakumaanishi kulala mfululizo. Mama anaweza kutembea sebuleni na uani huku akiwa ndani ya arobaini yake. Na safari ya kliniki haisubiri siku 40. Mama na mtoto waonwe ndani ya saa 48, kisha kati ya wiki ya 1 na ya 2, kisha kati ya wiki ya 4 na ya 6. Chanjo za mtoto za wiki ya 6 zinaangukia hapo, hivyo safari moja inatosha kwa wote wawili. Beba kijitabu chako cha afya ya mama na mtoto.

Kufunga tumbo kwa leso hakudhuru ikiwa leso imefungwa kwa kiasi. Kipimo ni hiki: uweze kuvuta pumzi ndefu na kukaa bila kubanwa, na mkono upite kati ya leso na ngozi. Mkanda uliokazwa mno hausukumi tumbo ndani tu, husukuma kizazi chini. Mwenye mshono wa upasuaji amuulize muuguzi kwanza.

Kukandwa kwa maji ya moto kunatuliza mwili, lakini kuna mipaka miwili. Usikande mshono. Na usikande wala kusugua mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu kwenye ndama. Huenda kuna donge la damu humo, na kusugua kunaweza kulikata likasafiri hadi kwenye mapafu. Mguu huo ni wa kupelekwa hospitalini.

SEHEMU YA 8: JUA, NJIA, VIATU NA MTOTO

Katika kaunti yetu joto ni kali, hasa kuanzia Januari hadi Machi. Tembea kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Kunywa maji kabla ya kutoka na ukirudi. Mkojo wa manjano iliyokolea unakuambia maji hayajatosha. Giza likiingia uwe ndani, na mtoto awe chini ya neti.

Vaa viatu vinavyoshika kisigino. Akala ni bora kuliko patipati, ambazo huteleza na kumfanya mtu abane vidole ili zisivuke. Walio Shimba Hills na sehemu nyingine za milima wachague mahali tambarare kwa wiki sita za kwanza. Walio pwani, kuanzia Diani hadi Vanga, waepuke mchanga mkavu unaozama na ufuo ulioinama upande mmoja, kwa sababu huvuta nyonga. Maji yakipwa, mchanga mbichi ulio imara na tambarare ni njia nzuri.

Nyonyesha kabla ya kutoka. Matiti yatakuwa mepesi na mtoto atatulia. Wiki za kwanza ni vizuri mtoto abaki na bibi yake au baba yake. Kwa dakika 10 hatapungukiwa na kitu, na mama atapata pumzi yake mwenyewe. Ukimbeba, mfunge kwa leso kifuani, kichwa na shingo vimeshikwa, uso wake uonekane na pua isizibwe. Mgongoni asubiri hadi shingo yake ikaze.

SEHEMU YA 9: DALILI ZA KUZIDISHA NA DALILI ZA HATARI

Umezidisha ukiona moja ya haya: damu iliyokuwa imegeuka kahawia au nyeupe imerudi kuwa nyekundu, unahisi uzito huko chini kama kitu kinataka kushuka, mshono unauma zaidi, mkojo unavuja unapotembea, au kesho yake huwezi kuinuka kwa uchovu. Pumzika siku mbili, kisha anza tena kwa nusu ya dakika ulizokuwa ukitembea. Dalili ikirudi, nenda kituoni.

Nenda hospitalini sasa hivi, iwe usiku au mchana, ukiona:

- Damu inayolowesha pedi moja au kitambaa kizima ndani ya saa moja, au mabonge makubwa ya damu.
- Kuumwa na kichwa sana, kuona ukungu, au degedege. Shinikizo la damu linaweza kupanda hata baada ya kujifungua, hata kwa ambaye hakuwa nalo.
- Mguu mmoja umevimba, una joto na unauma.
- Maumivu ya kifua au kupungukiwa na pumzi ghafla.
- Homa, au majimaji ya ukeni yenye harufu mbaya.
- Mshono unaotoa usaha au unaofunguka.
- Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya akina mama nchini Kenya, na mwendo wake ni wa saa, wala si wa siku. Usisubiri kukuche. Usisubiri mume arudi ndipo atoe ruhusa. Mume, toa ruhusa hiyo leo, na uweke akiba ya nauli kabla ya siku kufika.

Huzuni na kulia katika siku za mwanzo huwapata wengi na hupita. Ikizidi wiki mbili, au mama akikosa hamu ya kula, ya kulala na ya mtoto wake, hiyo ni maradhi kama homa. Mwambie mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako au muuguzi wa zahanati.

SEHEMU YA 10: MAZUNGUMZO YA NYUMBANI

Mama wengi wanajua haya yote, lakini hawana njia ya kuyasema kwa heshima. Huu hapa mfano wa kusoma kwa sauti kikundini, mmoja akiwa mke, mwingine mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Mbona umesimama?"

"Nimeamka salama. Muuguzi amesema nitembee uani dakika tano tano, damu isigande miguuni."

"Arobaini haijaisha, mwanangu. Sisi tulilala."

"Ni kweli mama, na sitatoka nje ya ua. Nitazunguka hapa hapa, nawe ukinitazama. Naomba unishikie mjukuu wako."

"Mlete. Na yale maji?"

"Maji amesema nisiyaguse hadi wiki sita. Namuomba mama unisaidie kumwambia mwanao."

"Hilo niachie mimi."

Angalieni kwamba mke hakumpinga mama mkwe wake. Alimpa kazi mbili za heshima: kumlea mjukuu na kumwambia mwanawe. Nyumba nyingi zitakubali zikiombwa hivyo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mama wa siku 10 anataka kuchota maji akisema anafanya mazoezi. Utamwambia nini?
2. Mama wa wiki 3 alikuwa anatoka majimaji meupe. Jana alitembea hadi sokoni na kurudi, leo ameona damu nyekundu kidogo. Afanye nini?
3. Bibi anataka kumkanda mkwewe mguu wa kushoto uliovimba peke yake. Ni sawa?
4. Aliyefanyiwa upasuaji anaambiwa asishuke kitandani wiki nzima. Ni sawa?

Majibu. (1) Kutembea ni sawa, kubeba si sawa. Dakika 5 hadi 10 mahali tambarare, na mtungi ubebwe na mwingine. (2) Amezidisha. Apumzike siku mbili, aanze tena kwa nusu ya muda. Damu ikiongezeka au ikilowesha pedi ndani ya saa moja, aende hospitalini mara moja. (3) La. Aende hospitalini bila kuchelewa. (4) La. Asimame kwa msaada wa muuguzi mapema iwezekanavyo, na akunje vifundo vya miguu kitandani.

Mkaazi, ukiwa na mama aliyejifungua nyumbani mwako, usiishie kusoma. Leo jioni jua likipungua, mshikie mtoto dakika 5 ili atembee uani. Na kesho alfajiri, chukua mtungi wewe.